Sanduku la Yatima

Nzi mwenyewe hakuwa na lolote la kumtazamisha mtu. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, mweusi, amekauka, mguu mmoja hana, na alibandikwa ubavu kwenye kipembe cha karatasi ngumu kilichotungwa kwenye pini. Ungemwona ukutani kwako ungempiga kandambili na kuendelea na maongezi. Lakini pale makumbusho alikuwa na droo yake peke yake, yenye kioo na kufuli, na chini ya mwili wake palining'inia kibandiko chekundu. Kibandiko hicho maana yake ni kwamba yeye ndiye kielelezo cha asili, mdudu yule yule aliyetazamwa siku aina yake ilipopewa jina. Duniani kote hakuna aliyewahi kumpata mwenzake. Na kwa miaka ishirini na tisa ufunguo wa droo hiyo ulikaa kwenye kamba shingoni mwa Mama Pini.

Mama Pini alikuwa fundi wa chumba cha wadudu. Kazi yake ilikuwa kuwatunga kwenye pini, kuwanyoosha mabawa, kuwagundisha waliovunjika, na kuwaandikia vibandiko kwa herufi ndogo ambazo watu wenye macho mazuri walizisoma kwa kukunja uso. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mzito, isipokuwa juu ya jambo moja: vibandiko vya matengenezo. Sheria ya chumba kile ni kwamba kila kilichovunjika kikarudishwa kwa gundi sharti kiandikiwe herufi G na tarehe, hata kama ni kidole cha mguu wa mende. Vijana wa mafunzo walimwogopa kwa hilo. "Gundi bila maandishi ni uongo," aliwaambia, na wengine walikuwa wakimwigiza sauti akishatoka.

Jumatatu asubuhi mkuu wa idara alichungulia mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mama Pini, ile barua yetu kwa chuo imejibiwa. Mgeni anafika keshokutwa, kwa ajili ya nzi wako."

"Anakuja kumtazama?"

"Kumtazama na kukata kidogo. Mguu mmoja na ncha ya kipapasio. Siku hizi wanasoma vinasaba, ubishi wote juu yake unakwisha kwa wiki mbili."

"Mguu na kipapasio," alisema Mama Pini.

"Ndiyo. Mbona umekaa chini?"

Ni kweli alikuwa amekaa, na hakukumbuka kukaa. Alisema magoti yanamsumbua. Mkuu akacheka kwamba kwao, mke na mume, nyumba nzima ni magoti tu, akaenda zake.

Hapa lazima nieleze kidogo, na asiyependa wadudu anivumilie, maana bila haya hadithi haina miguu. Ukoo wa nzi una matawi mawili makubwa. Kuna wenye vipapasio virefu kichwani: mbu, visubi, na wale wembamba wenye miguu mirefu wanaoning'inia bafuni bila kumdhuru mtu. Hao ndio wakongwe, walitangulia. Halafu kuna wenye vipapasio vifupi, kama nzi wa jikoni na nzi wa ng'ombe, waliokuja baadaye sana. Sasa nzi wetu alikuwa na mwili wa wakongwe, mabawa yenye mishipa iliyopangwa kwa mtindo wa kale, na juu yake kichwa cha vijana, chenye vipapasio vifupi nadhifu. Ni kama kukuta picha ya babu wa babu yako ameshika simu ya mkononi.

Aliyekuwa mkuu wa chumba wakati huo, mtu mmoja tuliyemwita Daktari tu, Mungu amrehemu, alimtazama kwa wiki tatu akatoka na jibu: huyu ndiye kiungo, mahali tawi la pili lilipochipuka kutoka la kwanza. Akamtengea familia yake mwenyewe, ya mtu mmoja. Na kwa kuwa aliyemshika alikuwa dereva wa idara, kijana hodari wa kukamata wadudu ambaye kila mtu alimwita Wavu, Daktari alichukua jina halisi la Wavu, akalivisha mkia wa Kilatini, akampa nzi. Wavu alikuwa mume wa Mama Pini. Walikuwa na miezi mitano ya ndoa.

Jambo ambalo Daktari hakulijua, wala Wavu, wala mkuu wa sasa na chai yake, lilitokea wiki moja kabla ya Daktari kumtazama nzi huyo kwa mara ya kwanza.

Mama Pini alikuwa na miezi mitatu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Alikuwa amebeba trei ya wadudu wa safari ile ya mumewe, akaipiga kwenye kona ya kabati. Pini mbili zilichomoka zikaanguka. Aliporudi nyuma kuziokota akasikia kitu kikipasuka chini ya kiatu, kidogo sana, kama chembe ya sukari. Nzi mmoja alikuwa amekwisha, amebaki unga. Wa pili alikuwa mzima ila hana kichwa. Akapiga magoti na karatasi nyeupe, akafagia sakafu kwa brashi, akapata vichwa viwili.

Mwili mmoja, vichwa viwili. Kimoja kilikuwa kisafi, kinang'aa, macho makubwa, vipapasio vifupi vimekaa sawasawa. Kingine kilikuwa kimejaa vumbi, na vipapasio vyake virefu vilikuwa vimejikunja nyuma mithili ya uzi mchafu. Hakuna aliyekuwa amewaangalia wale nzi kwa karibu hadi siku ile. Hakuwa na wa kumuuliza, na hata kama angekuwepo, angeuliza vipi? Mfanyakazi wa majaribio aliyemkanyaga mdudu hana pa kuanzia.

Akachagua kile kizuri. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na mimi siwezi kuipamba. Fundi mzuri anapenda kazi ipendeze, na kichwa kizuri kilipendeza. Akakigundisha kwa tone dogo kuliko ncha ya sindano, na kibandiko cha G hakukiandika. Kile kichafu hakukitupa, maana hata siku hiyo mkono wake ulikataa kutupa. Alikitia kwenye ganda tupu la kidonge cha dawa pamoja na kikaratasi chenye tarehe, akakiweka kwenye sanduku la yatima. Ndivyo walivyoliita sanduku la mbao lililo chini ya meza yake, ambamo huwekwa miguu, mabawa na vipande vyote vya wadudu ambavyo mwenyewe hajulikani.

Alikusudia kumwambia Daktari. Alikwenda mlangoni kwake mara mbili. Mara ya tatu alimkuta Daktari amesimama kwenye hadubini, machozi yanamtoka, mtu mzima na mvi zake, anamwita kila apitaye koridoni aje aone. Kisha lilitolewa jina. Kisha Wavu alikuja nyumbani na karatasi iliyochapishwa, yenye mchoro wa nzi aliouchora Daktari, akaibandika ukutani juu ya redio. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na kwa kweli alikuwa hajui kama yamemwagika. Huenda kichwa kilikuwa chenyewe. Nusu kwa nusu. Hadubini ilikuwa hatua nne kutoka kwenye droo, naye miaka yote hiyo hakuwahi kumweka nzi yule chini yake. Asiyetaka kujua hana haja ya kufumba macho, anageukia upande wa pili tu.

Jumatatu hiyo jioni alimkuta mumewe kwenye ngazi za mlango wa nyuma, anashona tundu la wavu. Alikuwa amestaafu udereva miaka mitatu iliyopita, lakini safari ya kijito hakuistaafu. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishatulia, alipanda basi, akatembea nusu siku ndani ya msitu wa mlimani hadi kwenye kijito baridi alikomshika nzi wake, akalala huko siku nne au tano akimtafuta wa pili. Zamani Daktari alimpa gari na posho. Sasa alijipeleka mwenyewe.

"Mwaka huu anapatikana," alisema Wavu bila kuinua kichwa.

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa na goti moja bovu. Mwaka huu yote mawili, yamelingana, natembea wima." Akakata uzi kwa meno. "Twende wote, mke wangu. Umri wote huu hujawahi kukiona kijito chenyewe."

"Nina kazi."

"Kazi unayo mwaka mzima. Basi nitakuletea jiwe."

Mama Pini alikuwa na mawe ishirini na nane dirishani, moja la kila safari. Akakaa kando yake, akaushika upande wa wavu ili mumewe aushone vizuri.

"Mzee," alisema, "je, kama huyo wa pili hayupo?"

"Wa kwanza nilimshika kwa mkono huu huu. Nzi hazaliwi peke yake, ana mama." Akacheka. "Sikiliza. Watu wengine wana majina yao kwenye barabara, wengine kwenye shule. Mimi baba yangu hakusoma, mimi nimeendesha gari la serikali maisha yangu yote, na jina langu linatembea duniani kwa miguu sita."

"Mitano," alisema Mama Pini. "Mmoja hana."

"Mitano, basi! Bado inanizidi."

Binti yao alipokuwa mdogo alisimama darasani akasema, baba yangu ana nzi, na darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake Wavu alivaa shati la kwendea harusini, akaenda shuleni na ule mchoro wa Daktari, akawaeleza watoto vipapasio ni nini. Mama Pini alilikumbuka shati lile sasa, akameza mate pamoja na maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu kituo cha basi. Akaingia ndani kuwasha jiko.

Mgeni alifika Jumatano. Alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mtafiti wa chuo cha mbali, na sanduku la vifaa alilolibeba mwenyewe akakataa kupokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Viatu hivyo vinateleza, angalia hapo kwenye kona ya kabati."

Mgeni alisimama mbele ya droo kabla haijafunguliwa, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwa wakwe. Alisema alisoma habari za nzi huyu akiwa mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa akiwaambia kwamba huyu ama ni nzi mkuu kuliko wote duniani, ama ni kosa kubwa kuliko yote, na katikati hapana kitu.

"Na wewe ulisema nini?" aliuliza Mama Pini.

"Mimi nilisema nitaenda kumwona mwenyewe."

Mama Pini akafungua kufuli, na mgeni akamtoa nzi, akamweka chini ya hadubini, akarekebisha taa. Alitazama muda mrefu. Kisha akachukua kijisu chenye ncha ya kuonekana kwa shida na kichupa cha spiriti, akavuta pumzi.

Mama Pini angeweza kunyamaza. Alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku na mchana: vinasaba vingesema mguu ni wa huyu na kipapasio ni cha yule, watu wangeshangaa, na lawama ingemwangukia Daktari aliye kaburini, ambaye hana mdomo wa kujibu. Yeye alibakisha miezi miwili kustaafu. Lakini aliuona mkono wa yule binti ukishuka, akakumbuka jinsi alivyowafokea vijana wa watu kwa herufi moja ya G.

"Mwanangu, subiri," alisema. "Hicho kichwa sina hakika kama ni chake."

Mgeni aliinua kijisu taratibu, akakiweka mezani.

Mama Pini akamweleza yote, kona ya kabati, kiatu, brashi, kichwa kizuri. Hakujitetea, wala hakuyaruka machozi ya Daktari. Kisha akainama chini ya meza, akavuta sanduku la yatima. Kidonge kilikuwa chini kabisa pembeni, kimegeuka rangi ya njano, na tarehe yake bado inasomeka.

Mgeni alikiinua kidonge kwenye mwanga wa taa, akakigeuza huku na huku. Mwishowe akauliza jambo moja tu:

"Ulitumia gundi gani?"

"Ya kuyeyuka kwa maji. Sijawahi kutumia nyingine. Fundi mwenye akili hufanya kazi inayoweza kufumuliwa."

"Basi tuifumue. Fanya wewe, mama. Mkono wangu si mwepesi kama wako."

Akatia tone la maji ya uvuguvugu shingoni mwa nzi kwa unywele wa brashi, wakangoja. Baada ya dakika arobaini kichwa kizuri kilijitikisa chenyewe, kikalala kwenye karatasi. Shingo iliyobaki ilikuwa imechanika mshazari, na upande mmoja palikuwa na kijipande cha ngozi kilichosimama kama ulimi. Akakichukua kile kichafu kutoka kwenye kidonge, akakisafisha, akakigeuza. Nyuma yake palikuwa na pengo la umbo la ule ulimi. Alikisogeza kikaingia kama kifuniko kwenye chupa yake. Hapakuwa na nusu kwa nusu tena.

"Haya," alisema Mama Pini, akaondoka kwenye hadubini ili mgeni aangalie. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, asijue ni ya hofu au ni ya kupumua.

"Mama!" Mgeni alikuwa amesahau adabu ya sauti. "Huyu namjua! Si yeye, ndugu zake. Ni wakongwe, wachache sana, wanaishi mbali na huku. Watoto wao wanakulia ndani ya magogo yaliyolowa kando ya vijito, na wakubwa huonekana siku chache tu kwa mwaka. Upande huu wa dunia hawajawahi kuandikwa."

"Kwa hiyo si kiungo."

"Si kiungo cha kitu chochote. Ni mkongwe kama wakongwe wengine, amekaa mahali ambapo hakuna aliyemtegemea. Ile familia ya peke yake itafutwa, atarudi kwa ndugu zake."

"Na jina?"

Mgeni aliegemea kiti. Alieleza kwamba jina hufuata mwili. Kichwa cha kupachika kinaondolewa, jina linabaki, mradi ithibitike kwamba huyu ni aina tofauti na ndugu zake wanaojulikana. Ikionekana ni walewale, basi linashika jina la aliyetangulia kuandikwa, na hili la pili linakufa. "Na kwa huyu mmoja siwezi kusema. Mabawa yamechakaa, mkia umeliwa na wadudu wengine. Nahitaji wa pili, mzima. Na nasikia wametafutwa miaka mingi hawapatikani."

"Wametafutwa," alisema Mama Pini.

"Yote haya nitaandika, mama. Pamoja na gundi."

"Andika. Usinifiche hata kidogo. Ila nipe hadi Jumamosi. Kuna mtu ambaye hafai kuyasoma, anafaa kuambiwa."

Akamwambia Jumamosi mchana, sebuleni, chini ya ule mchoro juu ya redio. Wavu alikuwa anapanga begi la safari. Mama Pini alianza kwa kusema, nina jambo, nisikilize hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Wavu akamsikiliza hadi mwisho bila kutia utani.

"Miaka ishirini na tisa," alisema Wavu. "Unanifungia mkate wa safari. Unanipaka dawa ya magoti. Unajua."

"Sikujua. Nilishuku."

"Kushuku na kujua wanalala kitanda kimoja." Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. "Wewe na mimi vilevile tumelala kitanda kimoja. Nilipokwenda shuleni kwa mtoto, ulinipigia pasi lile shati."

"Nilipiga."

"Ungeniambia ningekasirika wiki moja. Mwezi. Ningenuna, halafu? Niwe na jina lile au nisiwe nalo, ningekuwa na mke wangu."

Mama Pini alisema aliona haya, kisha akaona haya ya kuona haya, na kila mwaka yaliongezeka hadi hakuona pa kuyashika. Alisema anamwomba msamaha na kwamba hatamlaumu akikataa.

Wavu alisimama akaenda dirishani, akampa mgongo mkewe pamoja na ule mchoro. Aliyagusagusa mawe yake. Mara mkono ukasimama.

"Hicho kichwa chake cha kweli," alisema. "Kikoje?"

"Kina vumbi, kidogo, macho yake..."

"Vipapasio, mama! Vipapasio vikoje?"

"Virefu. Vimejikunja nyuma."

Wavu akageuka. Alikwenda kabatini, akatoa madaftari yake ya safari, yale ya kubana mfukoni, yamefungwa kwa mpira. Akafungua moja, akalisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti. "Mvua nyepesi. Gogo la chini, lililolowa. Weusi, wadogo, vipapasio virefu, tisa. Si wenyewe. Nimewaachia." Akafungua lingine. "Gogo lilelile. Wenye vipapasio virefu, kumi na wanne. Si wenyewe. Nimewaachia." Akafungua la tatu, la nne. "Wanne. Nimewaachia. Ishirini na zaidi, wamenitua hata mkononi. Si wenyewe. Nimewaachia."

"Mume wangu," alisema Mama Pini.

"Mwaka wa pili nilimletea Daktari mmoja kwenye chupa. Nikamwambia, bosi, mwili ni uleule. Hakumweka hata kwenye hadubini. Akaniambia tazama kichwa, Wavu, mwenye macho haambiwi tazama." Akakaa kwenye kochi, madaftari mapajani. "Wamekuwa wakinitua mkononi. Kila mwaka nawapepea, ondokeni bwana, namtafuta mkubwa wenu."

Akalia. Alilia kama mtu asiyezoea, kwa kukohoa. Mama Pini alitaka kumgusa bega, akaona hana haki hiyo, akabaki amesimama na mkono hewani hadi ulipochoka.

Siku tatu hawakuongea ila ya chumvi na ya mlango. Siku ya nne alfajiri alimsikia akifunga begi, akajilaza kimya akingoja mlango ufungwe. Badala yake taa iliwashwa.

"Vaa viatu vya kushika," alisema Wavu. "Na mpigie simu huyo mtoto wa chuo, tutampitia njiani. Sitambeba mtu mgongoni."

Njia haikuwa ya mchezo. Magoti manne ya uzee na binti mmoja mwenye sanduku walipanda nusu siku, na Wavu hakumsemesha mkewe ila kumwambia hapa panateleza, hapa shika mzizi. Kijito kilikuwa kidogo kuliko Mama Pini alivyokiwaza miaka yote. Palikuwa na mawe, yale yale ya dirishani kwake, na gogo kubwa jeusi lililolala nusu ndani ya maji, laini kama mkate uliolowa.

Wavu alishuka akapiga magoti kando yake, akaguna kwa maumivu, akainama hadi uso ukakaribia kugusa maji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama pale zaidi ya mtu yeyote aliye hai. Ule wavu wa kushikia aliuacha begani. Alinyoosha mkono tu, akaulaza juu ya gogo, akangoja.

Haikuchukua hata robo saa. Mweusi mdogo alitoka kwenye ufa wa gogo, akatembea, akapanda kwenye kidole chake cha shahada. Vipapasio vyake virefu vilikuwa vinapapasa ngozi ya yule mzee.

"Samahani, bwana," Wavu alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natafuta kichwa."

Akamfunika kwa chupa. Mgeni alikuja mbio na lenzi yake, akamgeuza kwenye mwanga, midomo ikicheza. Alisema bawani kuna mshipa uliopinda, na kwamba ndugu zake wa mbali, kwa kadiri anavyokumbuka, wao mshipa huo umenyooka. Alisema si vizuri kusema mapema, lazima hadubini, lazima miezi, lakini anadhani, anadhani jina litasimama. Wavu alimsikiliza nusu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, anapumua, anamtazama mkewe aliyesimama mbali kidogo na maji, viatu vimejaa tope, ambaye hakujua aje au akae.

"Njoo," alisema.

Mama Pini akaja. Wavu akaichukua chupa kutoka kwa mgeni, akaiangalia mara ya mwisho, akamwekea mkewe mkononi, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Huyu," alisema, "usimdondoshe."

Mama Pini akaishika kwa mikono miwili. Njia nzima ya kushuka, penye utelezi na penye mizizi, mgeni alimwomba mara tatu ampokee, na mara zote tatu alikataa.